JINO LA PEMBE SI DAWA YA PENGO: SOMO KUHUSU UGONJWA WA FIZI

Wahenga walinena kuwa jino la pembe si dawa ya pengo. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu hutueleza kwamba kitu cha badala hakiwezi kulingana na kile cha asili. Leo sitaki tuitafute maana yake ya ndani. Nataka tuichukue vile ilivyo: jino, pengo, na kile kinacholeta pengo hilo. Wengi wenu mtajibu upesi, "Ni peremende!" Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka siku jino la baba yangu lilipong'oka likiwa halina tundu hata moja.

Ilikuwa jioni, tunakula mahindi ya kuchoma. Ghafla baba akaacha kutafuna, akatia vidole kinywani, akatoa jino zima la mbele, jeupe, na mzizi wake mrefu. Hakupiga kelele. Alilitazama tu kiganjani, kisha akalifunga kwa kipande cha gazeti. Mama akasema ni uzee. Lakini uzee gani? Baba alikuwa na miaka 44.

Usiku huo sikupata usingizi upesi, kwa sababu nilikuwa na siri yangu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikitema damu kila nikipiga mswaki. Rafiki yangu mmoja alinishauri niache kusugua pale panapotoka damu, ati pafunge kwanza. Nami nikaacha. Kumbe nilikuwa nafanya kinyume kabisa cha dawa! Ndiyo maana nimeamua kuandika somo hili. Ukisahau mengine yote, likumbuke hili moja: damu kwenye mswaki inakuambia usafishe vizuri zaidi, haikuambii uache.

UFIZI NI NINI?

Ufizi ni nyama laini inayozunguka shingo ya jino. Kwa wapenzi wa sarufi, neno hili limo katika ngeli ya U-ZI: ufizi umevimba, fizi zimevimba. Tukilitazama jino tunaona kichwa chake tu. Mzizi umezama ndani ya mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa kuna nyuzinyuzi nyingi zinazolishika jino lisicheze. Ufizi ni kama mlango wa nyumba hiyo. Mlango ukifungwa sawasawa, viini havipenyi kufikia nyuzi na mfupa.

Ufizi wenye afya ni imara, umelikumbatia jino, na hautoki damu ukiguswa na mswaki. Rangi yake si lazima iwe ya waridi kama tunavyoona kwenye picha vitabuni. Waafrika wengi tuna fizi za hudhurungi au nyeusi tangu kuzaliwa, na huo si ugonjwa hata kidogo. La kuangalia ni mabadiliko: kuvimba, wekundu usiokuwapo, kung'aa, kuwa laini na kutoka damu.

KIKULACHO KI KINYWANI MWAKO

Ukiamka asubuhi, pitisha ulimi juu ya meno kabla hujapiga mswaki. Utahisi kitu kinachonata. Huo ni utando, na watu wengi hufikiri ni mabaki ya chakula cha jana. La hasha! Ni bakteria walio hai, mamilioni kwa mamilioni. Mtu wa kwanza kuwaona na kuwaeleza alikuwa Antonie van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi. Mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London kwamba alichukua kitu cheupe kilichokuwa katikati ya meno yake, akakitazama kwa kioo chake cha kukuza, akaona viumbe vidogo sana wakienda huku na huku. Naye alikuwa mtu wa kusafisha meno yake kila siku!

Utando ukiachwa, baada ya siku chache madini yaliyomo katika mate huanza kuugandisha. Hapo ndipo tunapopata ukoga, lile gamba la njano au la kahawia, gumu kama chokaa. Ukoga hupenda sana nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa sababu mate mengi hutokea hapo chini ya ulimi. Chukua kioo ujitazame leo. Ukishakuwa mgumu, mswaki hauutoi, hata usugue kama anayesugua sufuria ya ugali. Juu ya ukoga utando mpya hushika kwa urahisi, na mambo huendelea kuharibika.

HATUA MBILI ZA UGONJWA

Hatua ya kwanza ni kuvimba kwa ufizi. Bakteria wa utando hutoa sumu zinazouchokoza ufizi. Mwili nao hupeleka damu nyingi mahali hapo ili kupigana. Ndiyo maana ufizi huvimba, ukawa mwekundu, na kutoka damu ukiguswa kidogo tu. Ubaya wake ni kuwa kwa kawaida hauumi. Jino lenye tundu hukuamsha usiku ukilia, lakini ufizi mgonjwa hunyamaza. Habari njema ni kwamba katika hatua hii ukiondoa utando, ufizi hupona kabisa.

Hatua ya pili huwapata baadhi ya wale wanaopuuza ile ya kwanza. Ufizi huanza kuachana na jino, pakawa na mfuko. Daktari hupima mfuko huo kwa kijiti cha chuma chenye alama za milimita. Kwa mtu mzima wa afya nafasi hiyo haipiti milimita 3 hivi, na ikifika 4 na kuendelea daktari huanza kuwa na wasiwasi. Ndani ya mfuko bakteria hujificha mahali ambapo mswaki haufiki. Nyuzi hukatika, mfupa huliwa polepole. Kinywa hunuka, usaha hutoka, meno huonekana kama yamerefuka au yameachana, kisha hutikisika. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe.

Tulipompeleka baba kwa daktari wa meno, alilifungua lile gazeti akalionyesha jino. Daktari akalichunguza, akasema, "Mzee, jino lako halikuwa na kosa lolote. Ni kama nguzo nzuri iliyosimama kwenye udongo uliomomonyoka." Maneno hayo sijayasahau hadi leo.

JARIBIO LA AARHUS

Pengine wewe ni kama mwalimu wetu wa sayansi, hutaki hadithi bali unataka ushahidi. Mwaka 1965 mtafiti Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio rahisi sana. Walichukua watu 12 wenye fizi nzuri, wakawaambia wasisafishe meno yao kabisa. Utando ukajaa. Kati ya siku 10 na 21, wote 12 walikuwa wamepata ugonjwa wa fizi, hakuna aliyenusurika. Kisha wakaambiwa waanze tena kusafisha. Baada ya kama wiki moja tu fizi zao zikarudi kuwa nzuri.

Jamani, tafakarini jambo hilo. Hawakupewa sindano wala vidonge. Kilichowaponya ni kusafisha meno. Jaribio hilo ndilo lililonifanya nirudie kusugua pale nilipokuwa naogopa. Siku za kwanza damu ilitoka, nikawa natetemeka. Siku ya tano ikapungua. Wiki ya pili ikaisha, nayo haijarudi.

Wala tusidhani ugonjwa huu ni wa wachache. Katika uchunguzi wa afya ya kinywa uliofanywa nchini kote na ambao ripoti yake ni ya mwaka 2015, watu wazima karibu wote walipatikana na fizi zinazotoka damu, na watoto kama watatu kati ya kila wanne. Duniani nako, Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya mwaka 2022 lilisema kuwa ugonjwa wa fizi uliofika hatua kali unawasumbua watu zaidi ya bilioni 1.

JE, KILA DAMU NI KISEYEYE?

Ukimwambia mtu kuwa fizi zako zinatoka damu, atakuambia, "Hicho ni kiseyeye, kula machungwa." Kiseyeye kipo kweli. Ni ugonjwa unaoletwa na ukosefu wa vitamini C mwilini. Zamani uliwaua mabaharia wengi waliokaa baharini miezi mingi bila matunda. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, aliwajaribu mabaharia 12 waliokuwa wagonjwa, akaona kuwa waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi.

Lakini sisi hatuko melini. Mtu anayekula sukuma wiki, nyanya, mapera, maembe au machungwa mara kwa mara si rahisi apate kiseyeye. Damu tunayoiona sisi aghalabu huletwa na utando, na machungwa hayautoi utando. Kula matunda kwa afya yako, lakini usiyageuze kuwa mswaki.

WALIO KATIKA HATARI ZAIDI

Kwanza ni sisi vijana. Wakati wa kubaleghe, homoni huufanya ufizi uvimbe upesi hata kwa utando kidogo. Kina mama wajawazito nao huwa hivyo hivyo. Wengine husema ati mtoto tumboni ndiye anayekula meno ya mama. Si kweli. Mjamzito anatakiwa asafishe meno kwa uangalifu zaidi, na anaweza kumwona daktari wa meno.

Pili ni wavutaji sigara. Tumbaku hudhoofisha kinga ya ufizi, na tena hubana mishipa ya damu. Kwa hivyo mvutaji anaweza kuwa na ugonjwa mkali na asione damu yoyote. Anajidanganya kuwa mzima, kumbe nyumba inaungua bila moshi.

Tatu ni wenye ugonjwa wa kisukari. Kisukari kisipodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi nao hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Hapa ndipo daktari alipomuuliza baba kama anakunywa maji mengi na kuamka usiku kwenda haja. Baba akamtazama kama ameona mganga. Akaandikiwa kwenda kupimwa damu, na sukari ikapatikana iko juu. Hatukuwa tukijua. Leo anatumia dawa na anakula kwa mpango. Nikifikiria, jino lile ndilo lililotufungulia macho. Kweli, mficha maradhi kilio kitamfichua, lakini baba hakuwa akificha. Alikuwa hajui tu.

Nne, kuna dawa fulani, kama zile za kifafa aina ya fenitoini, ambazo huweza kuufanya ufizi ukue na kufunika meno. Mgonjwa asiache dawa zake hata siku moja bila kuambiwa na daktari. Asafishe meno vizuri na amweleze daktari.

TIBA

Hatua ya kwanza hutibiwa kwa kusafisha meno sawasawa nyumbani, na kama kuna ukoga, kwa kukwanguliwa na daktari wa meno au msaidizi wake aliyefunzwa. Katika hatua ya pili daktari hukwangua hata mizizi iliyo chini ya ufizi, mara nyingi baada ya kukupiga sindano ya ganzi. Baada ya wiki kadhaa hukuita tena apime mifuko kama imepungua. Mifuko mirefu isiyopona huenda ikahitaji upasuaji mdogo. Dawa za kuua bakteria hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa tu, tena na daktari. Kununua vidonge dukani na kumeza ovyo hakuondoi ukoga.

Kusukutua kwa maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi hutuliza ufizi uliochubuka. Ni msaada, si tiba. Ukisukutua na kuacha ukoga pale pale, umefagia uani na kuacha takataka chini ya kitanda.

Baba alikuwa na meno mengine mawili yaliyokuwa yakitikisika. Moja lilibidi kutolewa. La pili liliokolewa, na mpaka leo analitafunia.

KINGA

Kinga ni bora kuliko tiba, tena ni rahisi. Hizi ndizo hatua:

1. Piga mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala. Ukilala bila kusafisha, mate hupungua na bakteria hubaki na usiku mzima wa kufanya kazi yao.

2. Tumia mswaki wenye nywele laini. Uinamishe uelekee pale jino linapokutana na ufizi, kisha uusogeze taratibu kwa mwendo mfupi mfupi. Wengi wetu tunasugua katikati ya jino tu, ilhali utando umekaa mpakani.

3. Chukua dakika 2 nzima. Anza mahali pamoja ukazunguke pote: upande wa nje, upande wa ndani na juu ya magego. Usiruke upande wa ndani wa meno ya chini.

4. Safisha katikati ya meno kwa uzi wa meno mara moja kwa siku, maana mswaki haufiki hapo. Usichokonoe kwa pini, wembe au kijiti kikali.

5. Badilisha mswaki baada ya miezi 3 hivi, au mapema nywele zake zikitawanyika. Usiazimane mswaki, hata na ndugu yako.

6. Mwone daktari wa meno hata kama huumwi. Usingoje jino licheze.

Je, asiye na pesa ya mswaki wa dukani afanye nini? Babu zetu walitumia mswaki wa mti, na watu wengi wa Pwani na Kaskazini Mashariki wanautumia mpaka leo. Hata neno lenyewe "mswaki" tumelipata kutoka Kiarabu, na kabla ya kuwa kitu cha plastiki lilikuwa jina la kijiti na la mti wake. Shirika la Afya Duniani nalo limekubali matumizi yake kule ambako ni desturi. Tafuna ncha mpaka iwe laini kama brashi, sugua kando ya ufizi bila kutumia nguvu, usisahau upande wa ndani, na ukate ncha ikichakaa.

TUSIDANGANYANE

Wako wanaosema kusafishwa meno na daktari hulegeza meno. Baba naye alirudi akilalamika kuwa ana nafasi katikati ya meno na kwamba maji baridi yanamchoma. Ukweli ni kuwa ukoga ndio uliokuwa umejaza nafasi zile. Ulipotolewa, na uvimbe ukapungua, nafasi zikaonekana. Ule mchomo kwa kawaida hupungua baada ya muda.

Wengine husugua kwa mchanga au makaa ya kusagwa wakitaka weupe. Vitu hivyo hukwaruza jino na kuuchubua ufizi. Tena wako wanaodhani anayesugua kwa nguvu ndiye msafi. Nguvu huufanya ufizi urudi nyuma na mzizi ubaki wazi.

HITIMISHO

Wanafunzi wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ni ile damu kidogo tunayoitema na kuifungulia mfereji iende zake. Sisi wa shule za kutwa tunarudi nyumbani kila jioni, basi tusiyaache haya darasani. Mwulize mzazi wako leo kama fizi zake zinatoka damu au kama ana jino linalocheza. Akisema ndiyo, usimwambie ni uzee. Mwambie aende akatazamwe, na apimwe sukari pia. Mimi ninatamani ningemwuliza baba mwaka mmoja kabla ya yale mahindi. Sasa anacheka akiwa ameufunika mdomo kwa mkono, na hakuna jino la pembe litakalomrudishia kicheko chake cha zamani.

MSAMIATI

Ufizi (fizi): nyama inayozunguka shingo ya jino.
Ukoga: gamba gumu linaloganda kwenye meno yasiyosafishwa.
Kiseyeye: ugonjwa wa ukosefu wa vitamini C, ambao huleta damu fizini.
Kusukutua: kusafisha kinywa kwa kutikisa maji ndani na kuyatema.
Gego: jino pana la nyuma la kutafunia.
Pengo: nafasi iliyobaki baada ya jino kutoka.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya utando na ukoga.
2. Kwa nini mvutaji sigara anaweza kuwa na ugonjwa wa fizi bila kuona damu?
3. Jaribio la Aarhus linatufunza nini kuhusu kuacha kusugua mahali panapotoka damu?
4. Andika katika wingi: Ufizi wangu umevimba kwa sababu ya ukoga.
5. Tunga kisa kifupi kitakachoafiki methali: Jino la pembe si dawa ya pengo.